Waheshimu Baba na Mama: Hata Baada ya Kaburi?



Siku ya mazishi, kabla watu hawajatawanyika, mzee mmoja wa familia husimama na kutangaza kwamba kama yuko mtu aliyekuwa akimdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, aje aonane na ndugu. Tangazo hili tumelisikia mara nyingi mno, makaburini hapa mjini na kule juu milimani, hata hatulitilii maanani tena. Watu hujipangusa udongo na kutafuta kivuli. Lakini mimi naona kwamba katika maneno hayo machache mna fundisho kubwa kuliko hotuba zote za sifa zilizotangulia.

Nimelikumbuka tangazo hilo kwa sababu ya swali ambalo limeanza kuulizwa mara kwa mara katika mtaa wetu. Watoto waliofiwa na mzazi wanataka kuanzisha mfuko wa kusomesha watoto kwa jina lake. Je, ni vema? Na kama ni vema, mfuko huo unamheshimu nani hasa: yule aliyelala, au sisi tulio hai?

Amri ya tano inatuagiza kuwaheshimu baba na mama, wala haisemi kwamba agizo hilo linakoma siku ya mazishi. Walakini ni rahisi kumheshimu mtu asiyeweza tena kutuomba kitu. Aliye hai ana njaa, ana homa, ana maneno yake. Aliyelala amenyamaza, nasi twaweza kumpamba tupendavyo. Kwa hiyo inatupasa tujichunguze. Nitaanza na mambo ya nyumbani kwangu, maana si haki kuzipekua dhamiri za wengine na kuificha yangu.

Mama yetu alikuwa mkulima. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko juu ya mji, na kwa miaka mingi aliteremka alfajiri na mkungu wa ndizi kichwani mpaka sokoni Morogoro. Alipokuwa mtoto hakupelekwa shule. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, naye akaingia darasani na mtoto mgongoni, akajifunza kusoma na kuandika. Nilipokuwa shule ya bweni nilipata barua yake ya kwanza. Ilikuwa mistari minne, herufi kubwa kubwa, kila moja imekandamizwa kana kwamba ingetoroka. Aliniarifu kwamba mvua imenyesha, mbuzi amezaa, na nisisahau kusali. Tangu hapo alisoma Biblia yake kila jioni kwa mwanga wa kibatari.

Uzeeni macho yake yalipungua nguvu. Aliniomba kitu kimoja tu, miwani ya kusomea. Nikamjibu, "Ndiyo mama, mwisho wa mwezi." Miisho mingi ya miezi ikapita. Sikuwa maskini, nilikuwa na shughuli. Mama alifariki Biblia yake ikiwa imefungwa juu ya kabati, na miwani ikiwa bado ni ahadi.

Kisha tukamzika kwa heshima kubwa. Palikuwa na jeneza zuri, mabasi mawili ya kukodi, kanga za sare, na mpiga picha za video. Fedha tuliyotumia kwa siku mbili ingalinunua miwani ya wazee wengi wa mtaa huu. Matanga yalipokwisha tukakaa kikao cha ndugu, kujadili kumbukumbu yake. Kaka yetu mkubwa alitaka kaburi la marumaru. Mimi nikasimama nikasema kwamba marumaru hayamfai mtu, tuanzishe mfuko wa kusomesha watoto, tuuite kwa jina la mama aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima. Nilisema kwa moyo, na wengine wakaitikia. Dada yetu, ambaye ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho, alinitazama kisha akaniuliza polepole, "Mdogo wangu, unamsomeshea mama watoto, au unajinunulia usingizi?"

Nilikasirika sana. Lakini usiku ule usingizi wenyewe sikuupata.

Ndugu msomaji, Bwana Yesu aliwahi kulisema jambo hili. Katika Injili ya Marko sura ya 7 anawakemea watu waliokuwa wakisema kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wao ni Korbani, yaani imekwisha kutolewa kwa Mungu, na hivyo mzazi akabaki mikono mitupu. Watu wale walitumia sadaka kuikwepa amri. Mimi niliona kwamba nimefanya kosa lilelile kwa kuanzia mwisho wake: nilimnyima mama akiwa hai, na sasa nataka kutoa sadaka kubwa kwa jina lake. Sadaka ni njema. Je, mtoaji?

Niliyatafakari maneno ya dada kwa muda mrefu, nikafika mahali hapa: swali lake haliuvunji mfuko, bali linauweka mahali pake. Kama mfuko wa kumbukumbu ni zawadi yetu, basi sisi ni wafadhili, tutangazwe kanisani na kupigiwa makofi. Lakini kama mfuko ni deni, mambo yote hubadilika. Mtu alipaye deni hapigiwi makofi. Hamsimamishi mwenye kulipwa mbele ya watu ili ashukuru. Analipa, kisha anakwenda zake akiwa amepumua. Hili ndilo fundisho la tangazo la makaburini. Sifa za marehemu zinatamkwa na yeyote, hata mgeni. Madeni yake hulipwa na watoto wake. Basi naamini kwamba kumheshimu mzazi aliyelala ni kulipa kwanza anayodaiwa, ndipo sifa zifuate.

Nawe utauliza, mama mkulima alikuwa na deni gani? Alikuwa nayo mengi, kama sisi sote. Yupo mtu aliyemfundisha kusoma jioni baada ya kazi, kwa ujira mdogo au bila ujira. Nauli yangu ya kwanza kwenda shule ya bweni ilitoka katika sadaka ya waumini, shilingi moja moja, na wengi wa waliotoa walikuwa hawana mtoto shuleni. Wapo wanawake waliomlimia alipokuwa mgonjwa. Wengi wao wamekwisha kulala. Hatuwezi kuwarudishia mkononi. Deni la namna hiyo hulipwa kwa mtu mwingine, yule anayekuja nyuma. Mfuko wa masomo ni njia moja ya kulilipa.

Tulipokubaliana hivyo, likazuka neno la pili: tumsomeshe nani? Huko Uluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Lukolo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo wajomba zetu walisema, na kwa desturi walikuwa na hoja, kwamba kumbukumbu ya mama ni mali ya lukolo lake. Fedha isitoke nje kabla watoto wa ukoo hawajatoshelezwa. Sisi Wakristo tusiidharau hoja hiyo. Mtume Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Tena mtu anayesaidia wageni huku mpwa wake amekaa nyumbani kwa kukosa sare, huyo anatafuta jina.

Lakini tazameni mto Ruvu. Chemchemi zake zinatoka milimani kwetu, katika mashamba ya koo zinazojulikana kwa majina. Ukoo unakunywa, unanywesha mbuzi, unamwagilia mboga. Baada ya hapo maji yanashuka yenyewe, yanafika Dar es Salaam, na mtu anayefungua bomba kule hajui ni ukoo gani uliomtunzia chemchemi. Hakuna ukoo uliowahi kuuzuia mto ukasema maji haya ni ya lukolo letu tu. Na kama ungethubutu, wa kwanza kugharikishwa ungekuwa ukoo wenyewe. Basi watoto wa ukoo wanywe, lakini mto usizuiwe.

Hapa Morogoro tunayo mifano mikubwa ya jambo hili mbele ya macho yetu. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, akitoka Dodoma. Tarehe 1 Julai mwaka uleule, chini ya milima hii, kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Kilimo kwa jina lake. Yeye alizaliwa Monduli katika jamii ya wafugaji, lakini chuo hakikuwekwa kwa ajili ya watu wa Monduli peke yao. Tena kule Mazimbu, palipokuwa na shamba la mkonge, wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliopewa ardhi na serikali yetu waliiita shule yao kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka 1992 majengo yale yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya chuo kilekile cha Sokoine. Kijana yule hakuwahi kuwajua watoto wa Kitanzania wanaosoma pale. Naye Mwalimu Nyerere, ambaye tumezoea kumwita Baba wa Taifa, alikumbukwa vivyo hivyo. Mwaka 2009, miaka 10 baada ya kifo chake, Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mfuko wa masomo kwa jina lake kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vikuu waliofaulu vizuri. Katika mifano yote mitatu, jina la aliyelala limewekwa mikononi mwa watu asiowajua.

Hayo ni mambo ya mataifa na mabenki. Sisi mfuko wetu ni daftari moja, na akaunti ambayo mwaka wa kwanza ilikuwa na fedha ya kumsaidia mtoto mmoja na nusu. Wengine walituuliza kuna haja gani, iwapo serikali imekwisha kuondoa ada katika shule zake, za msingi, na tangu mwaka 2016 za sekondari mpaka kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hata kidato cha tano na sita. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwenye mtoto aliyechaguliwa kwenda kidato cha tano mkoa wa mbali anaijua ile fomu ya kujiunga: godoro, shuka, sare jozi mbili, viatu, ndoo, jembe, rimu ya karatasi, na nauli ya siku mbili njiani. Kwa mama anayeuza mananasi kando ya barabara ya Kiroka, fomu ile ni mlima mrefu kuliko Uluguru. Hapo ndipo wasichana wengi wenye akili hukwamia, si kwenye mtihani.

Sasa nifike kwenye jambo lililotutikisa. Mwaka wa tatu wa mfuko, wazee wa kanisa walituletea majina ya watoto wenye shida ya kweli. Mmoja wao alikuwa mjukuu wa bibi mmoja ambaye shamba lake lilipakana na la mama. Mama na bibi huyo waligombana juu ya mpaka, hatua tatu tu za ardhi. Kesi ilikwenda kwa wazee wa ukoo, ikaenda barazani, ikarudi. Mama alishinda. Mpaka leo sijui nani alikuwa na haki. Najua tu kwamba kwa miaka mingi wanawake wale wawili walikuja kanisani hapa, wakapiga magoti Mezani pa Bwana Jumapili ileile, mmoja kulia na mmoja kushoto, wasisalimiane mlangoni. Mama alifariki hivyo. Bibi yule hakuja mazishini.

Kaka yetu aliposikia jina la msichana yule alisema, "Fedha ya mama iingie nyumba ile? Mama angefufuka akatukemea." Nami sitawadanganya, wapendwa: nadhani alisema kweli. Mama angekataa. Basi tukawa mbele ya swali gumu. Je, twaweza kumheshimu mama kwa kufanya ambalo yeye asingalilitaka?

Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, anataja maneno mawili, kutii na kuheshimu, na si neno moja. Kumtii mzazi ni kufanya anavyoagiza, na aliyelala haagizi tena. Kumheshimu ni kumchukua mzima, na mema yake, na kasoro zake, na mambo aliyoyaacha katikati. Mtoto anayesema mama yangu hakuwa na kosa, huyo hamheshimu mama yake. Anaiheshimu picha yake ukutani. Mama yetu alikuwa mtu wa imani na mtu wa kazi, tena alikuwa mgumu kusamehe. Tukizika ugumu wake pamoja naye bila kuutaja, utaota tena ndani yetu. Nao ulikwisha kuota, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijamsalimu bibi yule kwa miaka.

Mtu atasema, na atasema vizuri, kwamba hakuna awezaye kusamehe kwa niaba ya mwingine. Ni kweli. Hatukuweza kumsamehea mama, wala kumtubia. Hilo liko baina yake na Mungu. Lakini liko tuliloliweza: kukataa kuurithi ugomvi. Uadui si shamba la ukoo, kwamba lazima apatikane wa kulilima mwenye shamba akiondoka. Kumbukeni Daudi. Sauli alimwinda kama mnyama porini. Naye Daudi, alipoketi katika kiti cha enzi, aliuliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli ili amtendee wema kwa ajili ya Yonathani, akaletwa Mefiboshethi aliye kiwete, akala mezani pa mfalme siku zote. Daudi hakusema kwamba Sauli hakukosa. Alikataa tu kosa la babu limfuate mjukuu.

Tena lile tangazo la makaburini likanirudia. Tulitangaza mbele ya watu wote kwamba mwenye kumdai marehemu aje. Bibi yule hakuja, lakini alikuwa akimdai mama yetu amani, na mama alikuwa akimdai yeye. Deni hilo lilikuwa halijalipwa na upande wowote. Kaka yetu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Haya, mpeni. Lakini mimi sitampelekea." Dada yetu ndiye aliyepeleka. Msichana alikwenda shule na godoro lake na ndoo yake. Bibi hakuja kushukuru, na kwa kuwa tulikuwa tumekubaliana kwamba ni deni, hatukumngojea. Baadaye nilikutana naye sokoni, nami nikawahi kumwamkia. Aliitikia, "Marahaba, mwanangu." Ni maneno mawili tu. Sikuyasikia kinywani mwake tangu nilipokuwa kijana.

Kwa wale wanaofikiri kuanzisha mfuko kama huo, nawashauri machache. Kwanza, uwe mdogo na wa kudumu kuliko kuwa mkubwa wa mara moja. Ahadi iliyovunjika kwa jina la marehemu ni aibu kwake. Pili, wachaguzi wa watoto wasiwe ndugu peke yao. Waombeni wazee wa kanisa au walimu wawili, na daftari lisomwe mbele ya ndugu kila mwaka. Tatu, mtoto asisimamishwe kupigwa picha na godoro lake. Nne, msihangaike mno na jina. Katika Injili ya Marko sura ya 14 yuko mwanamke aliyempaka Yesu marhamu, na Bwana akaahidi kwamba tendo lake litatajwa kwa kumbukumbu lake popote Injili itakapohubiriwa. Ahadi hiyo imetimia mpaka Uluguru. Lakini Marko hakutuandikia jina lake. Tendo linakumbukwa, na Mungu anamjua mwenyewe.

Neno la mwisho ni kwako ambaye mzazi wako angali hai. Usianze na mfuko. Huenda kuna kitu kidogo alichokuomba, ukasema mwisho wa mwezi. Liweke chini jarida hili, uende ukamnunulie. Mfuko unaweza kusubiri; macho ya mzee hayasubiri.

Mungu atujalie kuwaheshimu wazazi wetu walio hai kwa mikono yetu, na waliolala kwa kuyalipa madeni yao, mpaka siku ile tutakapoonana nao mbele zake, hakuna amdaiye mwenzake kitu isipokuwa kupendana. Amina.